Vifarasi na Vifaru vya Ulfat binti Mmanga

Ukifika mtaa wa Kisimamajongoo ukauliza wapi utapata kupakwa piko, utaoneshwa mlango wa kijani wa nyumba ya Ulfat binti Mmanga. Mabibi harusi wa Ng'ambo nzima walikuwa wakija kukaa kwenye mkeka wake, na siku hizi hata wa Mji Mkongwe walivuka Darajani kumfuata. Mkono wake ulikuwa mwepesi, mstari wake mwembamba kama unywele. Juu ya viganja na nyayo za watu alichora maua, majani na mawimbi, kama wanavyochora wapakaji wengine, ila yeye alichora vizuri zaidi. Alichokichora kwa raha ya nafsi yake kilikuwa kitu chengine kabisa.

Alikuwa akichora farasi wa katuni waliopanda vifaru vya vita.

Si vifaru wa mwituni wenye pembe puani. Vifaru vya jeshi, vya chuma, vyenye minyororo ya miguu na mzinga mbele, vile walivyovitumia Wasovieti katika vita vya kumpiga Hitla. Na farasi wenyewe ni wale wadogo wa kwenye televisheni, wenye macho makubwa kama visahani, manyoya ya shingo rangi ya waridi na zambarau, na alama ya nyota au kipepeo kwenye paja. Ulfat aliwaweka pamoja. Kifarasi mmoja anachungulia kutoka kwenye tundu la juu la kifaru, mwengine anapaka grisi, wa tatu amelala juu ya mzinga miguu inaning'inia.

Vitu hivyo viwili viliingia kichwani mwake tangu utotoni. Farasi aliwapata kwa jirani, Bi Mwanapili, ambaye alikuwa na televisheni na hakuwa na tabia ya kufukuza watoto wa watu. Vifaru alivipata kwa baba yake. Mzee Mmanga alikuwa fundi na dereva wa magari ya deraya, yale ya chuma ya vita, jeshini. Alipokuwa kijana alipelekwa Urusi kusomea kazi hiyo, akarudi na koti zito lisilovalika Unguja, maneno machache ya Kirusi, na mapenzi makubwa ya kifaru kimoja kikuukuu walichojifunzia, T-34. Watoto wengine walihadithiwa sungura na fisi kabla ya kulala. Ulfat alihadithiwa giaboksi. Alijua kifaru kile kilivyopita kwenye tope lililovishinda vyengine, na wanawake waliokiunga kiwandani baridi ikiwa imegandisha vidole vyao. Basi akilala, farasi na vifaru vilichanganyika, na asubuhi alivichora kwa mkaa kwenye ukuta wa ua mpaka akafinywa.

Alipokua aliyaacha mambo hayo. Mama yake alifariki, akajifunza piko, akawa na wateja, na kuta zikapakwa chokaa.

Kisha Mzee Mmanga akapata kiharusi. Alianguka chooni alfajiri, na aliporudi nyumbani kutoka hospitali upande wake wa kulia ulikuwa umelala na ulimi wake haukumtii. Mtu aliyekuwa akisikika barazani tangu kona ya msikiti alilala ameelekea ukutani, hataki redio, hataki wageni, akilishwa uji anafumba mdomo. Ulfat alimsomea magazeti, akamchekesha, akalia akiwa jikoni ili asimsikie. Miezi ikapita hivyo.

Siku moja mchana, mteja alipoondoka, Ulfat alibakiwa na rangi kidogo. Akachukua kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza, akachora kile kifaru cha hadithi za utotoni. Alikichora kwa kumbukumbu tu. Kwenye tundu la juu akamtia kifarasi wa waridi aliyevaa miwani ya dereva. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaiweka karatasi baina ya uso wa baba yake na ukuta.

"Baba, hebu mtazame rafiki yako huyu."

Mzee aliitazama karatasi muda mrefu. Kisha mkono wake wa kushoto ukanyanyuka, kidole kikashuka juu ya magurudumu ya kifaru. Kikagonga. Kikagonga tena, kwa hasira.

"Ta," alisema. "Ta... tano."

Ulfat alikuwa amechora magurudumu manne.

Alipiga ukelele uliomleta Bi Mwanapili mbio akiwa na mwiko mkononi. Hilo lilikuwa neno la kwanza la Mzee Mmanga tangu aanguke, na lilikuwa neno la kumkosoa fundi mwenzake. Ulfat akaongeza gurudumu la tano huku machozi yanadondokea kwenye minyororo.

Tangu hapo ikawa kazi ya kila siku. Yeye anachora, baba anakagua. Kilichokosewa kilipigwa kidole, na neno likatoka kwa taabu: "Nene." "Chini." "Mlango." Alijifunza gari dogo la deraya la kupelelezea, lenye uso wa mende, kifaru kizito chenye kichwa kikubwa kama kabati la nguo, na T-34 ya baadaye ambayo milango yake miwili ya juu ikifunguliwa huwa kama masikio ya panya. Farasi wenyewe, mzee hakuwakosoa. Siku moja tu alimnyooshea kidole yule wa zambarau akasema, "Mzuri," na Ulfat akaona huyo baba yake amerudi.

Akaanza kuzipiga picha kazi zake na kuzitia mtandaoni katika ukurasa aliouita Vifarasi na Vifaru. Hakuweka jina lake wala sura yake. Alidhani atachekwa. Kumbe huko duniani wapo watu wanaochora vivyo hivyo, farasi walewale na vifaru vilevile, katika miji ambayo yeye hakuijua hata majina. Wakamkaribisha kama ndugu aliyekuwa amepotea. Wakabishana naye kuhusu rivita, misumari ile ya kuungia chuma, na rangi za manyoya. Na katika wafuasi wake wote hakuna aliyemshinda kwa kufuatilia yule mmoja aliyejiita Bibi Deraya, aliyeandika Kiswahili na kila wiki kuagiza kitu: yule wa zambarau kwenye kifaru cha kabati, yule wa manjano anamwaga oili, wote wawili wanakunywa chai juu ya injini. Ulfat alimchorea vyote.

Mtaani hawakumwelewa. "Mtoto wa kike mzima na vikatuni vyake," walisema. "Hata si maua."

Bi Mwanapili peke yake aliwajibu. "Mwacheni. Mmanga anazungumza."

Mwaka huo, kabla ya masika, akaja mteja kutoka Kiponda, Mji Mkongwe. Jina lake Nasima, mwalimu wa hesabu, msichana mrefu mwenye haraka, akitaka kujaribiwa piko kabla ya harusi yake. Ulfat alimpaka mikono yote miwili, akamwambia akae atulie ikauke. Nasima akakaa mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, macho yakizunguka chumba. Yakafika ukutani, ambapo Ulfat alikuwa amebandika karatasi zake ili baba azione.

"Yarabi!" alisema Nasima.

"Nini? Inawasha?"

"Yule pale. Anakunywa chai juu ya injini." Alisimama, mikono bado hewani. "Dada Ulfat, usinambie ni wewe. Usinambie!"

"Ni mimi nini?"

"Vifarasi na Vifaru! Mimi ndiye niliyeagiza ile chai! Nshikie simu yangu, imo mkobani, mimi siwezi kushika kitu. Fungua utazame."

Ulfat akaifungua simu, akaona jina. Bibi Deraya. Akamtazama yule mwalimu wa hesabu, wote wawili wakaanza kucheka mpaka wakashikana mabega, na piko la mkono wa kushoto likaharibika likabidi lirudiwe lote.

Nasima hakuondoka mpaka amesema lililomjia. Harusini, katika hafla ya akina mama, nyuma ya kiti cha bibi harusi hutundikwa pazia kubwa la mapambo. Aliyataka mapambo yake yawe ya Ulfat: pazia moja, ukuta mzima, lenye vifarasi na vifaru.

"Mie nachora kwenye viganja na karatasi," Ulfat alisema. "Ukuta sijapata kuchora."

"Basi utaupata sasa."

Kikwazo kilikuwa shangazi yake, Bi Tabia, aliyemlea Nasima na aliyeshika harusi yote mkononi. Ulfat alikwenda Kiponda na mchoro mdogo. Bi Tabia aliupokea, akavaa miwani, akauona mzinga, akaurudisha kana kwamba umemuunguza.

"Kifaru? Kwenye harusi?"

"Shangazi, hebu utazame vizuri," alisema Nasima.

"Nshatazama. Mtu anaolewa, mnamtundikia vita mgongoni! Watu watasema nini? Mama mkwe wake atasema nini? Hapana. Nimeshaagiza maua ya plastiki na taa."

Ulfat alihisi uso unamwaka. Angeweza kuaga akarudi kwenye mkeka wake. Badala yake alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Bi Tabia, nakuomba kitu kimoja. Nichore lote, kisha uje ulione likiwa zima. Ukilichukia nitalikata kwa mkasi mbele yako, nikushonee mito."

Bi Tabia alimtazama kutoka juu ya miwani. "Mito nnaihitaji," alisema. "Haya, chora."

Njiani kurudi Ulfat alifikiri sana. Bi Tabia alikuwa na haki yake: karatasi ile ilikuwa na farasi na kifaru, lakini haikuwa na harusi. Alipopita Michenzani, chini ya majumba yale marefu, akakumbana na msafara wa vyombo vya bibi harusi mmoja, gari la mizigo limejaa makochi, makabati na godoro, vijana wamekaa juu wanapiga ngoma, nyuma wanawake wanaimba. Akasimama pembezoni mwa barabara mpaka msafara ukaisha. Alipofika nyumbani alikuwa anakimbia.

Alinunua marekani, kitambaa cha pamba, Darajani, akaomba ua wa Bi Mwanapili kwa sababu wake ulikuwa mdogo, akaitandika chini na kuibana kwa matofali. Akachora msafara wa vyombo unaopita mjini, ila hapakuwa na gari la mizigo hata moja. Mbele T-34 imebeba masanduku ya Kiarabu yenye misumari ya shaba. Nyuma yake magari madogo ya deraya, kila moja na sinia, kila sinia na kawa lake, kifuniko cha ukili wa rangi, na makawa yenyewe yakifanana na vichwa vya vifaru. Kifaru cha kabati kilibeba samadari nzima, kitanda na nguzo zake nne na chandarua. Vifarasi wa beni walipiga matarumbeta. Midomo ya mizinga yote ilijazwa maua, asumini na vilua, vikimwagika mpaka chini. Na katikati, juu ya kifaru kilichopambwa kanga, bibi harusi kifarasi wa zambarau, amefunikwa ushungi, anaangalia chini kwa haya. Mistari myembamba yote aliitia kwa kile kifuko kilekile cha kupakia piko, akakikamua kwa vidole, manyoya ya farasi yakatoka kama maua ya viganjani.

Mzee Mmanga alibebwa kwenye kiti chake kila asubuhi akawekwa ukingoni mwa kitambaa. Alikagua.

Mvua iliwakuta siku moja adhuhuri bila kuwapa ishara. Ulfat alipiga kelele akiwa peke yake na kitambaa kikubwa asichoweza kukinyanyua, na wanawake wa mtaa, walewale wa "hata si maua," wakatoka majumbani mwao na ndoo vichwani, wakakishika kila upande, wakakikimbiza chini ya upenu kama wanaokoa mgonjwa. Buluu ya mbinguni ilikuwa imechuruzika upande mmoja. Mmoja wao, mikono imejaa rangi, akainama kutazama kwa karibu kwa mara ya kwanza.

"Kumbe hii ni samadari!" alisema. "Jamani, njooni mwone, wamepakia samadari!"

Ile buluu iliyochuruzika Ulfat akaifanya bahari ya Forodhani, na ikapendeza kuliko mbingu iliyokuwapo.

Bi Tabia alikuja Kisimamajongoo siku mbili kabla ya harusi, Nasima nyuma yake amefumba mdomo kwa wasiwasi. Pazia lilikuwa limetundikwa ukutani uani. Mkasi ulikuwa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, mahali pa kuonekana. Ulfat aliuweka mwenyewe.

"Shikamoo, Bi Tabia."

"Marahaba." Akamwamkia Mzee Mmanga kitini pake, kisha akageuka kulitazama pazia. Alitembea kutoka mwanzo wa msafara hadi mwisho, akarudi, akasimama mbele ya kile kifaru cha mbele.

"Nilikuwa mtoto," alisema, hakumwambia mtu hasa. "Mama alitupeleka kutazama gwaride. Vikaja vidude hivi. Ardhi ikatetemeka mpaka meno yakanigonga. Nikaingia ndani ya buibui la mama, sikutoka mpaka vilipokwisha kupita. Hata leo trekta likipita, moyo wanenda mbio."

Ulfat akautazama mkasi.

"Mi... mimi," ilisema sauti kutoka kitini.

Bi Tabia akageuka. "Wewe nini, kaka?"

Mzee Mmanga alikuwa amejipiga kifua kwa mkono wa kushoto. "Dereva. Gwaride. Mimi."

"Ni wewe uliyekuwa ukiviendesha?"

Mzee akaitikia kwa kichwa. Uso wake, upande ule uliobaki mzima, ulikuwa na huzuni ya kweli. "Samahani," alisema, neno lote, bila kukwama.

Bi Tabia alimkodolea macho. Kisha kitu kikaanza kumtikisa mabega, na kikatoka, na kilikuwa kicheko. Alicheka akakaa kwenye mkeka na miguu mbele, miwani mkononi, akijifuta macho kwa pembe ya kanga. "Miaka yote hii! Mwenyewe yuko Kisimamajongoo anakunywa uji!" Mzee naye akacheka, kicheko cha upande mmoja, na Nasima, aliyekuwa amefumba mdomo muda wote, akacheka nao.

Alipotulia, Bi Tabia alinyoosha kidole kwenye kifarasi mdogo aliyelala juu ya mzinga. "Huyu hana hofu kabisa?"

"Hana, Bi Tabia. Pale ndipo kitandani pake."

"Basi mtilie mto, atavunjika shingo."

Ulfat akatia mto palepale, wa rangi nyekundu, rangi ikiwa bado mbichi kwenye kidole chake, na Nasima akauchukua mkasi akaurudisha jikoni.

Hafla ilikuwa alasiri, katika ukumbi wa Malindi. Wanawake waliingia na madira yao na manukato yao, wakasalimiana, wakatafuta viti, na mmoja baada ya mmoja wakageuka kulitazama pazia. Ulfat alikuwa nyuma ya pazia akibana kona iliyolegea, pini zimo mdomoni.

Kisha bibi mmoja wa safu ya mbele akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "Hebu oneni wenzangu! Wamepakia samadari kwenye kifaru!"

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwake. Cha pili hakikujulikana kimetoka kwa nani, maana vilikuja vyote pamoja. Watu waliacha viti wakaja mbele, wakioneshana: tazama makawa, tazama yule anayepiga tarumbeta, tazama asumini kwenye mzinga, pale si Darajani pale? Mama wa bwana harusi, ambaye Bi Tabia alimhofia kuliko wote, alitaka apigwe picha chini ya kifaru cha kabati, kisha akataka arudiwe kwa kuwa alicheka. Nasima alipoingia, kichwa chini, ushungi wa zambarau, akakaa palepale chini ya kifarasi aliyekuwa amefunikwa kama yeye, ukumbi ukalipuka.

Bi Tabia akachukua kipaza sauti. "Wenzangu, hii si kazi ya kukodi. Ni kazi ya mkono. Ameifanya binti Mmanga, wa Kisimamajongoo, Ng'ambo. Yuko wapi? Ulfat!"

"Naam!" ilijibu sauti kutoka nyuma ya pazia, na ikasikika vibaya kwa ajili ya pini.

Wakamtoa. Alikuwa na dira la kazi lenye madoa ya buluu. Wakamvisha kikuba cha asumini, wengine wakamtia mikufu ya maua mpaka kidevu, na wanawake wa mtaa wake waliokuwa wamealikwa wakaimba jina lake kwa kupokezana, Bi Mwanapili akiongoza. Ulfat, ambaye kwa miaka yote katika harusi za watu alikaa pembeni akitazama viganja, alicheza. Alicheza kama mtu aliyepewa barabara nzima peke yake.

Kesho yake, kwenye karamu ya wanaume ukumbini humo, jamaa za bwana harusi wakamfuata Mzee Mmanga, wakambeba na kiti chake mpaka chini ya pazia. Wazee wenzake wa jeshini walikuwapo. Wakamuuliza hiki nini, kile nini. Alianza kwa neno moja moja, kisha mawili, na kufikia kile kifaru cha kabati akasema, polepole na kwa ufasaha, "Hiki kizito mno, daraja la Mwera kingelivunja," na wazee wakaangua kicheko. Alikaa na hadhira yake mpaka alasiri, na ndiye aliyekuwa wa mwisho kuondoka.

Picha za pazia zilitembea. Nasima alizitia mtandaoni, na mara hii jina la Ulfat liliandikwa kamili, na mtaa wake pia. Wale ndugu zake wa mbali waliozoea kubishana kuhusu rivita hawakubisha chochote. Waliuliza tu makawa ni nini, na baada ya wiki vifaru vyenye makawa vikaanza kuchorwa katika nchi ambazo hazijapata kuliona kawa. Nyumba moja ya sanaa ya Mji Mkongwe ikaomba kulitundika pazia kwa msimu mzima. Nasima alikubali kuwaazima, kwa sharti aende kulitazama bila kiingilio kila anapotaka.

Na siku ya Jumamosi Ulfat alipofungua mlango wake wa kijani, alikuta watu ngazini. Bibi harusi wa Chwaka alitaka pazia lenye mashamba ya mwani. Mwanamke wa Rahaleo alitaka ukuta wa darasa la watoto, vifarasi wapanda Vespa, kama inawezekana. Mama wawili walikuja kwa piko tu, lakini walitaka kwanza kumwona Mzee Mmanga. Nyuma yao walikuwapo wengine, wote wanasema kwa pamoja.

"Karibuni ndani," alisema Ulfat, akaenda kutandika mkeka wa pili.